Kamba ya mbuzi kwenye gari yetu

Maneno ya kikundi cha gari, yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama, Butembo. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, juu wenzetu wengi wa Oicha na Mbau hawakupata njia ya kufika.



Tumeombwa tueleze jambo moja tu: kwa nini pesa ya chama imenunua kamba. Kwenye mkutano uliopita swali hili liliulizwa kwa sauti ya juu, tena na watu tunaowaheshimu. Mama mmoja alisema, "Tuko na watu hawana mabati, ninyi munanunua kamba?" Na muzee mmoja, nyuma kabisa, akaongeza lile neno ambalo sasa watoto wa mtaa wanaliimba kila gari ikipita: "Kamba ya mbuzi!" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka. Lakini siku ile hatukujibu, juu mkutano ulikuwa unaisha na mvua ilikuwa inakuja. Leo tunajibu.

Kwa wale ambao ni wapya: gari ya chama ni Land Cruiser ya kubeba mizigo, ya zamani, tuliyopewa na washirika wetu ikiwa imeshatembea sana. Mbele yake iko na winchi ya umeme, ile mashine yenye ngoma inayozunguka na kuvuta kamba ili gari ijitoe kwenye matope. Winchi ilikuja na gari, pamoja na kable yake ya chuma. Hatukuichagua. Tulishukuru tu.

Barabara zetu hatuna haja ya kuwaeleza. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 hivi, na huko ndiko kuzuri. Mwaka 2021 serikali ya Kongo na ya Uganda zilizindua mradi wa barabara za kilomita 223, na Kasindi–Beni pamoja na Beni–Butembo zimo ndani yake. Vizuri. Lakini wanachama wetu hawarudi kuishi kwenye lami. Wanarudi Bapere, wanarudi njia ya Mbau–Kamango, wanarudi nyuma ya Eringeti, kwenye mashamba ya kakao waliyoyaacha miaka mingi. Wale wa Kamango waliokimbilia Bundibugyo mwaka 2013 wanajua walivuka kwa miguu, na wakati wa kurudi wako na watoto ambao hawajawahi kuiona nyumba ya baba yao. Gari inayowapeleka lazima ifike. Na ikizama, lazima itoke kabla ya giza. Hii ni habari ya usalama kabla haijawa habari ya makanika.

Sasa tuje kwenye ile siku.

Ilikuwa msimu wa mvua, njia ya Njiapanda, tukiwa tunarudi Butembo bila mzigo. Tukakuta kamio imezama mpaka kwenye ekseli na imefunga njia. Pikipiki zilikuwa zinapita pembeni, magari hayawezi. Mwenye mali akatuomba tumvute. Mnajua namna watu wanavyoomba: kwanza heshima, halafu pesa, halafu wanasema, "Ninyi watu wa chama, kazi yenu si kusaidia?" Tukakubali. Hilo ndilo kosa la kwanza, na tunalisema mbele yenu juu ni letu, si la mwenye kamio. Winchi yetu imeandikwa pauni 9,500, yaani tani 4 na kilo 300 hivi. Kamio ile na mzigo wake ilizidi hapo mara nyingi. Tena hizo tani 4 ni wakati kamba imebaki tabaka moja tu kwenye ngoma. Kadiri tabaka zinavyopandana, nguvu inapungua. Sisi tulikuwa tumefungua kidogo tu, ngoma bado imejaa.

Kosa la pili lilikuwa kable yenyewe. Ilikuwa na kutu, mahali fulani imebanwa na kuwa bapa, na ilikuwa imeota vile vinyuzi vilivyokatika, vikali kama ndoano, ambavyo vimeshachoma mikono ya karibu kila mmoja wetu. Dereva alishasema mara mbili kwamba imechoka. Sisi tulisema tungoje michango ya mwezi ujao.

Kijana wetu mmoja, ambaye wengi wenu mnamjua na jina lake hatutaliandika kwenye gazeti, alikuwa anavuka juu ya kable ili aweke jiwe nyuma ya tairi. Kable ikakatika karibu na kulabu. Hakuna aliyeiona ikienda. Tulisikia mlio tu, mlio kama wa bunduki. Na ninyi mnajua watu wetu wanafanya nini wakisikia mlio wa namna ile. Foleni nzima ililala chini, wengine wakaingia porini na watoto mgongoni. Kwa hiyo dakika kadhaa zikapita kila mtu amelala, na hakuna aliyejua kwamba mmoja wetu hakulala kwa kupenda.

Mfupa ulivunjika mahali pawili chini ya goti. Kabla ya kusimama, kable ilipiga boneti ya gari ikaacha mfereji mnaoweza kutia kidole ndani yake. Tukafikiri: ingekuwa juu kidogo, ingekuwa kichwa. Na pembeni ya njia walikuwa wamesimama watoto karibu ishirini, juu kamio ikizama huko kwetu ni kama sinema.

Kijana leo anatembea kwa fimbo. Mama yake yuko humu ndani. Tulipojumlisha hospitali, dawa, na msimu mzima ambao shamba lake halikulimwa, pesa ambayo chama kilitoa ilizidi bei ya kamba hii mara nyingi. Tunaanza hesabu hapo, siyo dukani.

Baada ya hapo tuliuliza watu. Tuliuliza madereva wa mashirika ambao walizunguka huku kwetu wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, na mafundi wa Beni, na ndugu yetu mmoja anayefanya kazi ya magari Kampala. Karibu wote walitaja kitu kimoja: toa chuma, weka kamba ya nyuzi.

Muzee wetu wa nyuma atasema, "Chuma ni chuma, bwana." Ni kweli. Lakini tusikilizane kidogo kuhusu hizi nyuzi, juu si nyuzi za mbuzi. Ni plastiki ya jamii moja na ile ya madumu ya maji, polietilini, lakini imevutwa kiwandani kwa namna ambayo chembe zake ndefu sana zinalala upande mmoja, zote zinabeba pamoja. Kampuni ya DSM ya Uholanzi ndiyo iliyoifanya kuwa biashara kuanzia miaka ya 1990, kwa jina la Dyneema. Inafuma fulana za kuzuia risasi. Inafunga meli kubwa bandarini. Kamba halisi ya milimita 10 inakatika kwenye tani 9 hivi, wakati kable ya chuma ya unene unaokaribia huo inakatika kwenye tani 6 na nusu. Kwa hiyo kwa nguvu peke yake, mbuzi ameshinda.

Lakini nguvu siyo sababu iliyotuamua. Sababu ni uzito. Mita 30 za kable ya chuma ni kilo 10 na zaidi. Mita 30 za kamba hii hazifiki kilo 2. Kitu kizito kikifunguka ghafla kinakuja na uzito wake wote, kinazunguka kama panga. Kitu chepesi kikifunguka kinaishiwa nguvu haraka, mara nyingi kinaanguka karibu. Tena haioti vinyuzi vya kuchoma mikono, na mtu mmoja anaweza kuibeba begani akipanda mlima kutafuta mti wa kufungia. Kwa kable ya chuma tulihitaji watu wawili, na mmoja alikuwa lazima alalamike.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, juu tumeshasikia vijana wakisema, "Hii ya sasa haiui, unaweza kusimama popote." Hapana. Tarehe 2 Machi 2015, kwenye bandari ya gesi ya Milford Haven huko Wales, meli kubwa ya gesi inayoitwa Zarga ilikuwa inafungwa. Kamba yake ya kufungia ilikuwa ya nyuzi za jamii hii hii. Ikakatika, ikarudi, ikampiga afisa wa meli kichwani, akaumia vibaya sana. Wachunguzi wa Uingereza walipoangalia waliona kwamba kwenye ile kamba isiyovutika paliungwa kipande cha mwisho cha kamba inayovutika, na kile kinachovutika kinaweka nguvu ndani yake kama manati. Somo kwetu liko wazi: mkanda wa nailoni unaovutika, ule wa kuvutia gari kwa kurusha, usiunganishwe kamwe na kamba ya winchi. Na kulabu bado ni chuma, pingu bado ni chuma. Kamba ikikatika upande wa mbali, hivyo vitu vinaweza kuja navyo.

Kwa hiyo sheria ya kusimama haijabadilika. Watoto na watazamaji wote wanarudi nyuma kupita urefu wa kamba iliyofunguliwa. Hakuna anayevuka kamba ikiwa imekaza, hata kwa jiwe, hata kwa sekunde moja. Katikati ya kamba tunatupa koti zito au gunia lenye udongo kidogo, ili ikikatika lilalishe kamba chini. Mtu mmoja tu anatoa ishara kwa dereva, na mtu huyo halipwi na mwenye kamio.

Sasa tuseme makosa yetu ya baada ya hapo, juu pesa ilipotea na ninyi mna haki ya kujua ilipotea wapi.

Kamba ya kwanza tuliinunua hapa mjini, kwa bei nzuri, na muuzaji alituapia kwamba ni ile ya kweli iliyopita Dubai. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Mmoja wetu alikuwa amesikia kwamba kamba ya kweli inaelea juu ya maji, hata wavuvi wa Kyavinyonge wanajua kamba zinazoelea. Basi tukakata kipande, tukakitia kwenye beseni, kikaelea. Tukafurahi, tukalipa. Hatukujua kwamba polipropilini, ile ya kamba za bei rahisi za kufungia mizigo, nayo inaelea. Kuelea kunakataa nailoni na polista tu, juu hizo zinazama. Kamba yetu ilivutika kama mpira siku ya kwanza, na mara ya pili ikakatika tukiwa tunajitoa wenyewe kwenye mfereji mdogo. Hakuumia mtu, juu wote walikuwa mbali. Lakini pesa ilikwenda.

Kamba ya kweli ina mguso wake: inateleza mkononi kama imepakwa nta. Ukiikaza haivutiki kiasi cha kuonekana kwa macho. Na inakuja na karatasi inayosema inakatika kwenye uzito gani. Hata karatasi inaweza kudanganya, tunajua, mji huu ni wa biashara. Kwa hiyo ya pili ndugu yetu wa Kampala aliinunua yeye mwenyewe, akaituma kupitia Kasindi. Pamoja na usafiri na forodha, ilitugharimu mara mbili na nusu ya kable mpya ya chuma. Risiti zote mbili, ya kamba ya uongo na ya kamba ya kweli, ziko kwa mtunza hazina.

Kosa la pili la baadaye linauma zaidi, juu tulikuwa tumeshaonywa. Kable ya chuma inatokea kwenye winchi kupitia rola nne, na miaka yote ile kable ilikuwa imezikwaruza zile rola mpaka zikawa na meno. Sisi tukapitisha kamba mpya humo humo, juu rola bado zinazunguka. Siku moja tu ya kazi, kamba ikawa na manyoya kama paka. Mahali chuma kimepita, kamba ya nyuzi isipite mpaka pamelainishwa au pamebadilishwa. Sasa tumeweka mdomo wa alumini, kipande kimoja, laini, bila rola. Ngoma nayo tuliipiga msasa, juu nayo ilikuwa na makovu.

Na kuna moto. Winchi nyingi za umeme, na yetu pia, breki yao iko ndani ya ngoma. Ukivuta hakuna shida. Lakini ukiteremsha gari mlimani huku winchi ndiyo inayoizuia, breki inachemka, na ngoma inachemka pamoja nayo. Chuma hakijali. Nyuzi hizi zinaanza kulegea kabla ya maji kuchemka, na zikifika karibu nyuzijoto 145 zinayeyuka kabisa. Tuliteremsha gari mara moja kwa namna hiyo, na tulipofungua tukakuta tabaka la ndani linang'aa, limekuwa gumu kama kioo. Tukakata mita tatu. Sasa kama ni kufungua kamba, tunaachia ngoma izunguke bure na mtu anavuta kwa mkono. Na sehemu ya ndani imevikwa mfuko unaozuia joto. Mizunguko kumi haitoki kamwe kwenye ngoma, juu nyuzi hizi zinateleza, na mizunguko michache haishiki. Kwa chuma mitano ilikuwa inatosha.

Tuliposema tumekata mita tatu, mtu atauliza: basi kamba si imekufa? Hapa kuna jambo ambalo lilitufurahisha kuliko yote. Kable ya chuma ikikatika porini, kazi imeisha, mnalala hapo. Kamba hii imesukwa nyuzi 12, katikati yake ni wazi kama bomba. Ikikatika, unaingiza mkia wake ndani ya tumbo lake yenyewe, sentimita 70 na zaidi kwa kamba ya milimita 10, ukiupunguza unene taratibu kuelekea mwisho. Kadiri unavyoivuta, inajibana yenyewe. Haitaki moto, haitaki fundi. Lakini usiifunge fundo: fundo linakula nusu ya nguvu na zaidi, na kwa vile kamba inateleza, linaweza kufunguka.

Dereva wetu alijifunza kazi hii kwa siku tatu, na bado mikia yake ilikuwa inatoka. Halafu mama mmoja wa chama, anayesuka nywele pale sokoni, akamwangalia, akamwambia, "Papa, unavuta sana. Legeza kwanza, halafu ingiza." Akachukua kamba. Kwa saa moja alikuwa ameunga maunganiko mawili ambayo mpaka leo hayajasogea. Tangu siku hiyo ndiye mwalimu wetu, na muzee wa mbuzi ajue hivyo.

Kuna wanachama wenye haki wanaosema chuma kinafaa zaidi kwa watu wasio na nidhamu. Sisi tunakubaliana nao nusu. Chuma kinavumilia kuburutwa juu ya mawe, kinavumilia jua, kinavumilia kusahauliwa kwenye matope wiki nzima. Kamba hii haivumilii. Mchanga unaingia kati ya nyuzi na kuzikata pole pole kutoka ndani, na jua linaichosha kutoka nje. Lazima ifunguliwe yote, ioshwe kwa maji safi, ikaushwe kivulini, irudishwe ikiwa imekazwa kidogo, siyo kujazwa ovyo ovyo. Mama zetu washonaji wameshona kifuniko cha turubai cha kuweka juu ya winchi. Mahali kamba inapogusa jiwe au gogo, tunaivika mfuko mgumu. Kama chama kinaona kwamba hatutaweza kuiosha, semeni leo, tuirudishe Kampala na tuweke chuma kipya chenye glavu na nidhamu ya kusimama mbali. Chuma kipya kinachoangaliwa ni bora kuliko kamba nzuri iliyotupwa. Tunalisema hili ijapokuwa sisi ndio tuliopigania kamba.

Tuongeze kidogo kuhusu kufungia. Upande wa Lubero na hapa Butembo tuko na mikaratusi kila mahali, mti mrefu wenye mizizi, unaweza kushika. Ukishuka Beni na Mbau, mara nyingi kilicho karibu na njia ni kakao ya mtu. Usifungie kwenye kakao. Kwanza itang'oka, pili ni mti wa mtu aliyerudi kama sisi, na ndiyo karo ya watoto wake. Tafuta mti mkubwa wa msitu, au tumia gari nyingine. Mti wowote uvikwe mkanda mpana, siyo kamba yenyewe, juu kamba itakata ganda na ganda litakula kamba. Wala usizungushe kamba kwenye mti na kurudisha kulabu juu ya kamba yenyewe: hapo unaikunja na kuiua.

Na kapi. Tuliwahi kuwa nayo moja, ikapotea, hatutafuti mwizi. Kapi ikiwekwa kwenye mti na kamba ikirudi kwenye gari, winchi inavuta nusu tu ya mzigo, ingawa inakwenda pole mara mbili. Gari yetu ikipakiwa inafika tani 3, na matope yakiishika mpaka kwenye ekseli, nguvu inayotakiwa inaweza kuzidi uzito wake wenyewe. Bila kapi tunakaa kwenye mpaka wa winchi kila mara. Ombi letu la kwanza leo kwa wafadhili ni hiyo kapi, yenye njia pana na laini inayofaa kamba ya nyuzi, siyo ile ya chuma yenye makovu ya soko la vyuma chakavu. La pili ni glavu jozi sita. La tatu ni kamba ya akiba, mita 15 tu, ya kuongezea pale mti ulipo mbali.

Washirika wetu waliandika wakauliza kama tumechukua hatua nyingine baada ya ajali, zaidi ya kubadilisha kamba. Tumechukua moja, na ndiyo ngumu kuliko zote: gari ya chama haivuti tena kamio. Hata kwa pesa, hata kwa heshima, hata ikiwa mwenye kamio ni shemeji wa mmoja wetu. Tunatoa majembe, tunatoa watu wa kuchimba, tunakata matawi ya kutandika chini ya matairi, tunalala hapo pamoja nao kama lazima. Lakini kulabu haiendi kwenye kamio. Mwezi uliopita dereva alikataa mbele ya watu zaidi ya hamsini, akatukanwa mpaka kwenye kabila lake. Tunaomba mkutano huu umshukuru kwa kura, iandikwe kwenye daftari, ili mara nyingine akitukanwa awe na karatasi ya kuonyesha.

Kuhusu mabati, mama uliyeuliza, hatukukusahau. Ile pesa ya kamba ya uongo, sisi wanne wa kikundi cha gari tumekubaliana kuirudisha kutoka mifukoni mwetu kwa miezi sita, na itaingia kwenye mfuko wa mabati. Malipo ya kwanza yameshalipwa.

Kable ya zamani tumeikata. Vipande viwili vinafunga mlango wa depo. Kile kipande kilichokatika siku ile kiko hapa kwenye meza, na mama wa kijana ameomba kisitupwe. Anayetaka kukigusa akiguse, lakini ajihadhari na vile vinyuzi.

Baada ya chakula, dereva na mama msusi wataonyesha kuunga kamba pale uwanjani. Tunahitaji watu wanne wa Beni na wawili wa Oicha wajifunze leo leo, juu gari inashuka Jumatatu na familia tatu, na mvua imeshaanza.